Neno Nililomsomea Shangazi Sidi

Mwanangu, tangu juzi uliponiambia kwamba umepata kazi ya kuwasomea watu karatasi zao pale mjini Malindi, sijatulia. Nimefagia ua uliokwisha fagiwa. Nimepika chai nikaisahau jikoni mpaka ikakauka. Si kwamba sikufurahi. Nilifurahi, nikakupa mkono, nikakuombea. Lakini ulipotoka tu, ikanirudia siku moja ya ujana wangu, na kila inaponirudia siwezi kukaa mahali pamoja. Basi wewe keti, mimi nitasimulia huku nikitembea, nawe usinihesabie hatua.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, na katika mji wetu kule Vitengeni hapakuwa na mwingine aliyefika hapo. Barua ikija, naitwa mimi. Dawa ikiletwa kutoka zahanati, mimi ndiye wa kusoma kibandiko. Wazee waliniita Dama wa Kizungu, na jina hilo nililipenda kuliko lile Dama tupu nililopewa na baba.

Nami nilijiona nimegundua siri ya lugha ile. Niliona kwamba maneno marefu ya Kiingereza mengi ni maneno mawili mafupi yaliyoshikanishwa, na kwamba ukiyavunja kati, kama uvunjavyo muhogo, utaona kilichomo. Bedroom ni kitanda na chumba, kwa hiyo ni chumba cha kulala. Rainfall ni mvua na kuanguka. Toothbrush ni jino na brashi. Haya yote ni kweli, wala sikukosea, na ndiyo maana nilizidi kujiamini. Nikaendelea kuvunja. Understand niliwaambia wadogo zangu ni kusimama chini, yaani ukitaka kukijua kitu usimame chini yake ukitazame vizuri. Breakfast ni vunja haraka, kwa sababu Wazungu asubuhi wana haraka, hula huku wamesimama. Walicheka, wakayashika, wakaenda kuyasema kwingine. Hakuna aliyenisahihisha, maana hakuna aliyejua.

Sasa nikwambie habari za Shangazi Sidi, dada yake baba. Alikuwa mjane, hana mtoto, na alikuwa na shamba la mahindi na mikorosho upande wa bondeni. Mumewe, Mzee Kahindi, alizikwa papo hapo shambani, karibu na kisima alichokichimba kwa mikono yake. Mwaka ule wapimaji walikuwa wanapita kupima mashamba ili kila mwenye lake aandikiwe. Bwana mmoja aitwaye Menza, aliyenunua shamba la jirani, alionyesha mpaka uliokata kipande cha shangazi. Ndani ya kipande hicho mlikuwa na kisima, mikorosho kumi na minne, na kaburi. Shangazi alikwenda kwa chifu, akaandikiwa pingamizi, akatia dole gumba. Toka siku hiyo alikuwa akingoja. Hakulala vizuri. Akiona mtu mgeni njiani, huacha jembe na kwenda kutazama.

Asubuhi moja alituma mtu aniite. Nilimkuta kibarazani na bwana wa makamo, shati jeupe, bahasha mkononi. Alikuwa msaidizi wa Menza. Kumbe alifika tangu alfajiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu baba ana karatasi. Anasema ni ya kumaliza maneno kwa amani, nami nitie kidole. Nimemwambia sitii mpaka wewe uje uisome."

Yule bwana alinipa karatasi. Ilikuwa na mistari mitatu tu. Nakumbuka mpaka leo ilivyoanza: I, Sidi, hereby withdraw my objection. Kisha likafuata jina la mahali na nambari ya shamba.

Nilianza kuvunja. Hereby: here ni hapa, by ni kando. Mimi Sidi, hapa kando. Sikuona maana yake, nikaliruka. Withdraw: with ni pamoja na, draw ni kuchora. Hapo moyo ukanipiga kwa furaha, maana nilijua wapimaji wanachora ramani. Objection sikupata kulisoma, lakini object nililijua, ni kitu. Kwa hiyo objection, nikasema moyoni, itakuwa vitu. Yote haya nilifanya kwa muda wa kupumua mara mbili, kwa sababu walikuwa wananitazama, na Dama wa Kizungu hakuwa mtu wa kusitasita.

"Shangazi," nikamwambia, "hapa imeandikwa kwamba mtachora pamoja. Vitu vyako vyote vitachorwa kwenye ramani, wewe ukiwapo."

"Kisima?"

"Kisima, mikorosho, vyote."

"Na Mzee Kahindi?"

"Na kaburi."

Shangazi alifunika uso kwa leso. Yule bwana aliniangalia mara moja, kisha akatazama viatu vyake. Mtazamo ule niliuona, mwanangu. Niliuona nikautilia shaka, lakini nilikuwa nimekwisha sema. Ningerudije nyuma mbele ya watu? Yule bwana alifungua kidude cha wino, shangazi akatia dole gumba lake, akamshukuru, akampa na mahindi ya kuchoma ale njiani. Bwana yule aliyapokea kwa mikono miwili, akaondoka upesi.

Siku ya tatu nilikwenda Malindi kutafuta kazi. Nyuma ya soko palikuwa na duka la karatasi na kalamu la mama mmoja wa Kihindi, Bi Jaya, mtu mzima mwenye miwani mizito, ambaye pia alipigia watu barua kwa taipu. Alikuwa amezaliwa hapo hapo Malindi, na Kiswahili chake kilinishinda mimi. Nilimpa barua niliyoiandika kwa mkono, ya kuomba kazi katika hoteli, aipige vizuri. Alianza kupiga, taka taka taka, mara akasimama.

"Binti, wewe waomba kazi au wajitoa kazini?"

"Naomba, Bi Jaya."

"Mbona umeandika kwamba utafurahi ku-withdraw na wafanyakazi wao?"

"Yaani kupanga mambo pamoja nao. Kuchora pamoja."

Hakucheka. Kama angecheka, pengine ningenuna nikaenda zangu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sari, akaivaa tena.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Nimelivunja mwenyewe. With na draw."

Alivuta droo ya meza yake mpaka ikafika nje kabisa. "Hii waiitaje?"

"Droo."

"Kwa Kiingereza ni drawer. Imetokana na hiyo draw yako. Ina picha humu?"

Nikachungulia. Mlikuwa na pini, gundi na stempu kuukuu. "Haina."

"Kwa nini basi waliiita hivyo?"

Akairudisha ndani, akaivuta tena. Ndipo nilipoona. "Kwa kuwa huvutwa."

"Ndiyo. Draw zamani ilikuwa kuvuta tu. Kuchora kulikuja baadaye, kwa sababu anayechora huvuta kalamu juu ya karatasi. Na hiyo with, wewe waijua ya leo. Katika Kiingereza cha kale sana ilikuwa na maana ya kukabiliana, kuwa kinyume cha mwenzio. Leo imebaki katika maneno machache. Usishangae, hata nyinyi mnayo. Ukisema Charo anapigana na Kazungu, ile na inasema wako pamoja?"

"La."

"Basi withdraw si kuchora pamoja. Ni kujivuta nyuma. Kuondoa. Kufuta uliloomba."

Alikuwa na kamusi nene chini ya kaunta, kurasa zake zimekuwa laini kama kitambaa. Wateja wakiwa wachache huisoma, akaniambia, kama wengine wasomavyo magazeti. Aliifungua kunionyesha, lakini mimi sikuona herufi hata moja. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta.

"Bi Jaya, na objection ni nini?"

"Pingamizi. Limetoka kwa Kilatini, kitu kilichotupwa mbele ya mtu kumzuia njia."

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu: kisima, kaburi, shati jeupe, dole gumba. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua bahasha alisimama mlangoni akasikiliza, wala sikujali. Bi Jaya aliniacha mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Breakfast nayo uliivunja?"

"Niliivunja. Vunja haraka."

"Fast ile ni saumu. Mimi hufunga kila Jumatatu, na Jumanne asubuhi navunja saumu. Usiku kucha mtu hakula, asubuhi avunja. Nyinyi mwasema kifungua kinywa, ni jambo lile lile. Na understand je?"

"Kusimama chini," nikasema huku nalia.

"Hilo hata mimi silijui lilivyofika kwenye kuelewa. Wenye kamusi wenyewe hawaafikiani." Akaifunga kamusi. "Sikiliza, binti. Kuvunja neno si kosa. Mimi navunja kila siku, ni raha yangu. Lakini maneno mawili yakishaoana, huzaa la tatu, na hilo la tatu lina tabia yake. Wewe mwenyewe wasema mwanamaji. Ni mtoto wa maji? Kosa lako si kutolijua neno. Kosa lako ni kwamba ulijua hulijui, na ukalisema mbele ya mtu aliyekuwa hana macho mengine ila yako."

Hakunipigia kelele. Alisema polepole, akiniangalia, na ningependa zaidi kupigwa. Kisha akatia karatasi mpya kwenye taipu akaandika kwamba Sidi, mjane wa Kahindi, alitia dole gumba bila kuelezwa maana, na kwamba pingamizi lake bado analo. "Mpelekee. Na kabla hajatia kidole, mwambie kila neno lililomo humu. Kila neno. Kesho mwende Kilifi, kwenye ofisi ya ardhi. Usipite mahali."

Ile barua ya kazi niliiacha pale pale kaunta. Basi la kurudi lilikuwa linangoja abiria, nami nilishuka na kupanda mara tatu, nikitaka kwenda kwa miguu. Lilipoondoka nilikaa ukingoni mwa kiti njia nzima. Nilipanga maneno, nikayapangua. Nilifikiria kusema kwamba yule bwana alibadilisha karatasi. Nilifikiria kusema kwamba Bi Jaya amekosea. Naam, mwanangu, nakueleza hata hayo, ili usije ukadhani kwamba nilikuwa mtu mwema aliyeteleza tu.

Nilimkuta shangazi kaburini. Alikuwa ameng'oa magugu yote, amepanga mawe meupe kuzunguka, tena anaimba. "Wachoraji wakija," akasema, "nataka wapaone vizuri, wasije wakapasahau."

Nikapiga magoti papo hapo. "Shangazi, nilikusomea uongo. Sikujua lile neno."

"Neno gani?"

"Withdraw."

Alijaribu kulitamka, likamkataa. "Widho. Lasema nini?"

"Lasema umeliondoa pingamizi lako. Umesema mpaka wa Menza ni sawa."

Alishika jiwe moja jeupe, akaliweka, akalitoa, akaliweka tena. Kisha akasema, si kwa hasira, "Yule baba alitaka kunisomea mwenyewe. Nilimkatalia. Nilimwambia namngoja mwanangu."

Sijapata kusikia neno zito kuliko hilo, hata katika misiba.

Kesho yake tulikuwa Kilifi kabla milango haijafunguliwa. Shangazi alikaa kwenye benchi ameshika barua ya Bi Jaya kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa natembea kutoka ukuta hadi ukuta mpaka askari akaniuliza kama naumwa. Afisa aliyetupokea alikuwa mama mpole. Alitafuta jalada, akalipata, na karatasi ile ilikuwa imo, dole gumba la shangazi jeusi chini yake. Imefika jana, akasema. Haikuwa imepita bado. Kamati ya mipaka itakaa Vitengeni kwa chifu Jumatano, na shangazi akitaka karatasi ile isihesabiwe, lazima aliyemsomea aje aseme mbele ya wote.

"Atakuja," akasema shangazi kabla sijafungua mdomo.

Jumatano walijaa watu. Walikuwapo wazee walioniita Dama wa Kizungu, mwalimu wangu wa shule ya msingi, wadogo zangu madirishani. Bwana Menza alikuja na yule msaidizi wake. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti kavu, aliniita mbele akanipa karatasi.

"Wewe ndiye uliyemsomea?"

"Ndimi."

"Ulijua maana ya neno hili?"

"Sikujua."

"Ulimwambia kwamba hujui?"

"Sikumwambia. Nilibuni."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema nilikuwa na haraka. Nilitaka kusema nilikuwa mtoto. Nilimwona shangazi ameketi mstari wa mbele, ananitazama kama alivyonitazama siku ile kibarazani, akingoja nimsomee.

"Niliona haya kusema sijui," nikajibu. "Nilipenda kuitwa mjuzi."

Kuna aliyecheka nyuma, akanyamazishwa. Mwenyekiti akamgeukia msaidizi wa Menza. "Nawe, Kiingereza wakijua?"

"Kidogo, mzee."

"Ulipomsikia akisema watachora pamoja, ulijua amekosea?"

Bwana yule alikiri. "Nilijua."

"Ukanyamaza, ukala na mahindi yake."

Sijui mwenyekiti aliambiwa na nani habari ya mahindi, nadhani shangazi.

Karatasi ile ikatupwa, pingamizi likarudi, wapimaji wakaenda shambani. Ningependa kukwambia kwamba alipata vyote, lakini hakupata. Kisima kilibaki kwake, na kaburi. Mikorosho minane kati ya ile kumi na minne iliangukia upande wa Menza, na hilo lingekuwa hivyo pengine hata nisingekosea. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakoninyima raha. Kila msimu wa korosho nilisikia wachumaji wa Menza wakiitana chini ya miti aliyoipanda Mzee Kahindi, nami nikawa sina mahali pa kusimama.

Mji mzima haukuniletea barua tena kwa muda mrefu. Waliona afadhali wasubiri mwalimu. Jina lile la Kizungu likafa bila mtu kulizika. Lakini wa kwanza kurudi alikuwa ni yeye Shangazi Sidi. Miezi kadhaa baadaye alikuja na karatasi ya zahanati, akaiweka mapajani pangu.

"Soma. Na neno usilolijua, usilipite kimyakimya. Ligonge kwa kidole, useme silijui hili. Tutatafuta anayelijua."

Nilisoma. Nikafika mahali, nikagonga. "Hili silijui, shangazi."

"Vyema," akasema. "Sasa nakuamini hayo mengine."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi hii kwa miaka mingi iliyofuata, mpaka nikawa mkalimani wa watu wa Marafa, Mambrui na kwingineko, na Bi Jaya akaniuzia kamusi yangu ya kwanza.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Yapende maneno, uyavunje, utafute yalikotoka, maana kuna raha humo na kuna elimu. Lakini ukimsomea mtu, usimpe ulichobuni ukakiita ulichosoma. Angalia neno limekaa na nani, limetumwa kufanya kazi gani, na nani atafaidika ukilikosea. Simu yako inafasiri upesi, nimeiona. Nayo hukosea bila hata kusitasita, kama mimi nilivyokuwa. Iulize, kisha umuulize na mtu. Na ukimwona aliyeleta karatasi anatazama viatu vyake, simama hapo hapo, usiendelee. Aibu ya kusema sijui huisha kabla chai haijapoa. Ile nyingine, mwanangu, mimi bado natembea nayo, kama unavyoniona.

Nenda sasa, usije ukachelewa. Mola akujaalie ulimi mzito kwa usilolijua na mwepesi kwa unalolijua. Akuepushe na sifa zinazokuja kabla ya elimu. Na kila atakayeketi mbele yako na hofu yake mkononi, ainuke akijua kwa hakika kilichoandikwa, kiwe kizuri au kibaya, na akuombee dua hata akifika kwake. Amina.